Filimbi ya Mlima wa Lusungo

"Filimbi ya mlimani haimwiti mtu." Hivyo ndivyo bibi harusi wa jana alivyoambiwa na shangazi yake, nanyi wajukuu zangu mkacheka kwa kuwa wengine walicheka, kisha mkaniuliza njiani ni filimbi gani na mlima gani. Kaeni basi. Methali hii ina nyumba ilikozaliwa, nami nilielekezwa nyumba hiyo na Subilaga, mke wa fundi Ambakisye, mwaka ule mashine yetu ya kusaga ilipoharibika tukawa tunashinda foleni kule Lusungo. Mengine aliyaona kwa macho, mengine aliambiwa na mwenye kisa yalipokwisha. Yalikuwa hivi.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Tusekile, mke wa Lugano. Huyo Lugano alikuwa na gari la zamani lenye tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, gari dogo likapanda mlima kama kubwa. Kila asubuhi alikusanya maziwa ya wafugaji, akapakia madumu, akapanda mlima wa Lusungo kuyapeleka kwenye kituo cha kupoozea. Petroli aliyojaza Jumatatu ilimfikisha Jumamosi. Wafugaji walimpenda, na Tusekile alimpenda kuliko wafugaji wote, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Maana mwaka huo petroli ya Jumatatu ilianza kuisha Alhamisi. Lugano akabadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa, akajaza upepo magurudumu yote manne. Bado. Ikifika Alhamisi gari linaomba.

"Gari limezeeka," akamwambia mkewe.

"Gari limezeeka, au dereva amepata ujana?"

Sasa, kwenye kona ya juu ya mlima ule aliishi mjane mmoja, Atuganile, mshona nguo, mwenye shingo ndefu na kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Tusekile akiwa shambani kwake bondeni alikuwa akilisikia gari la mumewe likipanda. Likikaribia kona ile, penye mwinuko mkali kuliko pote, filimbi inalia: fiiii. Na filimbi ikishalia, Atuganile anatoka nyumbani kwake mbio, kitenge kikipepea, kisha kona inawaficha, yeye na gari. Siku ya kwanza Tusekile aliona, akaendelea kulima. Siku ya pili akaegemea jembe. Siku ya tatu hakulima.

Usingizi ukamhama. Alikuwa akilala macho wazi, akimsikiliza mume anavyokoroma, akijiuliza huyu amechoshwa na nini. Asubuhi, Lugano akiwa bado anakunywa chai, yeye aliingia garini akasoma namba za kilomita, akaziandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Gari likirudi, akasoma tena. Arobaini na mbili. Kesho yake, arobaini na mbili. Mwezi mzima, kwenda na kurudi, arobaini na mbili.

Mtu mwingine angetulia. Lakini wivu haukosi jibu. Tusekile akasema moyoni: zitazidi vipi, na nyumba ya yule iko njiani? Akishampigia filimbi, gari linasimama pale mlangoni likinguruma, petroli inaungua, wao wanacheka ndani.

Akafunga nguo zake kwenye kitenge, akaficha furushi chini ya kitanda. Aliapa kwamba siku atakapoyaona kwa macho yake, siku hiyo hiyo atakwenda kwa mama yake, na ndoa imekwisha.

Ijumaa moja Lugano akasema analipeleka gari kwa fundi Ambakisye, ng'ambo ya mlima.

"Nami nakwenda," akasema Tusekile. Akapanda na furushi, akalipakata.

"Furushi la nini?"

"La safari."

Lugano alikuwa na hindi la kuchoma mkononi. Alimjua mkewe. Akaling'ata hindi lake, akaondoa gari.

Wakaanza kupanda. Injini ikaguna, gari likaingia gia ya pili. Tusekile hakuitazama njia, aliitazama midomo ya mumewe. Kona ikaja. Fiiii.

Lugano alikuwa amejaza mahindi mashavu yote mawili.

Tusekile akatazama boneti, akatazama tena ile midomo. "Kumbe hata gari umelifundisha," akasema. "Simamisha."

Atuganile alikuwa amekwisha kutoka. Alikimbia mpaka ukingoni mwa lami, akainama, akavuta turubai lililoanikwa maharage, akaliondoa barabarani. Aliponyoosha mgongo akamkuta Tusekile amesimama mbele yake, furushi kwapani.

"Karibu, dada."

"Sijaja kukaribishwa. Nimekuja kuona unavyoitwa."

"Mimi naitwa Atuganile."

"Unavyoitwa kwa filimbi."

Atuganile akamtazama, akamtazama na Lugano na mashavu yake, kisha akacheka kile kicheko. "Ile? Mwenzangu, ile ndiyo inayoniokolea maharage. Malori yananijia kimya. Gari la mumeo linalia kabla ya kona, nami natoka kuvuta turubai. Hajasimama hapa hata siku moja. Angekuwa anasimama ningempa upande mmoja avute."

Maneno yalikuwa mazuri. Lakini mwenye wivu ukimpa maneno mazuri atauliza yalitungwa lini. Tusekile akarudi garini bila kuaga.

Kwa fundi, Subilaga alikuwa pembeni akimenya viazi, masikio yote mawili ameyapeleka kwenye gari. Ambakisye akaingiza kidole kwenye bomba la moshi, akakitoa cheusi tii.

"Linakula na halishibi," akasema. "Lugano, umeongeza safari? Unakwenda kilomita ngapi kwa siku?"

"Kama zamani, mzee."

"Kama zamani si namba."

"Arobaini na mbili," akasema Tusekile.

Wanaume wote wawili wakamgeukia.

"Una hakika, mama?"

"Mwezi mzima. Hazijazidi hata moja."

"Basi gari halizururi. Petroli inapotelea humu humu ndani. Lina mlio wowote?"

"Linapiga filimbi. Kwenye kona, penye nyumba ya yule."

"Sijauliza nyumba. Nimeuliza linalia wakati gani."

Tusekile akajibu, "Likipanda."

"Likiwa tambarare?"

"Halilii."

"Likishuka?"

"Halilii." Sauti yake ilikuwa imeshuka. Mwezi mzima alijiuliza na kujijibu mwenyewe, na leo ndiyo kwanza aliyasikia majibu yake.

Fundi akaziba mahali hewa inapoingilia, akaunganisha pampu ya magurudumu, akapaka povu la sabuni kwenye mpira mnene unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini. Juu, kimya. Akapaka upande wa chini, ambako jicho halifiki. Povu likavimba, likatumbuka, likavimba tena, na mpira ukalia kwa sauti nyembamba: fiiii.

"Sogea uone, mama." Palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. "Tambarare ufa huu umefumba. Mlimani tabo inasukuma kwa nguvu, ufa unafumbuka, hewa inatoroka. Na gari limekwisha kuihesabu ile hewa na kuipimia petroli yake. Ni kama umepika ugali wa wageni kumi, watano wakaishia njiani. Unga umekwisha kuingia sufuriani." Akajifuta mikono. "Filimbi ya mlimani haimwiti mtu. Inalilia tundu lake."

Tusekile akasogea, akainama. Subilaga aliniambia kwamba aliutazama ufa ule kama mtu anayeutazama uso wa mke mwenza, akaona ni mpira tu.

Fundi akafunga mpira mwingine, uliotolewa kwenye gari bovu, akawaambia wakifika chini upande wa kwao wageuze, wapande tena kulijaribu. Wakafanya hivyo. Gari likapanda jepesi, kimya kabisa. Kona ikaja, na kwa kuwa hapakuwa na filimbi, hakuna aliyetoka. Magurudumu yakapita juu ya turubai, maharage yakarukia mtaroni.

Atuganile akaja ameshika kiuno. "Naona mmelitibu," akasema. "Na mimi nani atanitibu?"

Lugano akafungua mlango ili ashuke kusaidia.

"Wewe kaa humo humo," Tusekile akamwambia.

Akashuka yeye. Akapiga magoti, wanawake wale wawili wakaokota punje kwa punje mpaka jua likaanza kuinama. Ndipo Tusekile akasema, "Nisamehe, dada."

"Okota kwanza," akajibu Atuganile. "Za mtaroni bado."

Walipofika nyumbani kulikuwa hakujaingia giza. Lugano akakaa kitini, na usingizi ukamchukua viatu vikiwa miguuni. Tusekile akafungua furushi, akatundika nguo zake msumarini, moja moja. Halafu akakaa kitandani na kutega sikio kama alivyozoea. Huko mlimani lori moja geni lilikuwa linapanda. Lilipofika kwenye kona likalia, fiiii, na moyo wake ukaruka. Akamtazama mumewe aliye pale mbele yake, mdomo wazi, anakoroma.

"Filimbi ya mlimani haimwiti mtu," akasema polepole. Akajinyoosha, akavuta shuka, akalala.