Moshi wa Mize binti Vuai

Zama za babu wa babu zetu, kuta za Magangeni zilipokuwa bado zanuka chokaa mbichi, aliishi Mize binti Vuai bin Makungu, wa ukoo wa wachonga mawe, Mize Kifua cha Jabali, aliyebeba tanuri la udongo kichwani peke yake huku wanaume wanne wakimtazama wameshika viuno. Huyo ndiye mama wa mji huu, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyetoka tumboni mwake.

Mwaka huo Jemadari wa wageni alipandisha mizinga kilimani, ng'ambo ya mto, akaapa kutupiga mpaka tufungue lango wenyewe. Hakutafuta askari. Alipiga visima, akapiga msikiti, akapiga nyumba ya mzazi aliyejifungua jana. Na wazee wa mji, wakiongozwa na Mwinyi Chande mwenye ufunguo wa lango, walijifungia katika ghala la mawe lenye paa nene kuliko yote, wakawa wanashauriana.

Desturi yetu ilikuwa kwamba nyumba iliyofiwa haiwashi jiko siku tatu. Majirani ndio wapikao. Lakini ilipofika siku ya nane kila nyumba ilikuwa na maiti, kila jiko limepoa, kila mfiwa anangoja sahani ya jirani, naye jirani anangoja yake. Jemadari aliutazama mji usio na moshi, akacheka, akatuma mjumbe: "Nyinyi mmekwisha kufa. Fungueni, tuje tuwazike."

Habari hiyo ilimkuta Mize akitoka kumzika Shaame, mwanawe wa pekee, udongo wa kaburi ungali kuchani. Machozi yalikuja, hasira ikayakausha njiani. Aliupasua kwa shoka mlango wa nyumba yake mwenyewe, akazitia mbao tanurini, akawasha.

"Mize, mwanao hajakaa vizuri kaburini, nawe wapika?" alisema jirani yake, Bi Kazija. "Watu watasemaje?"

"Watu gani, shoga? Nionyeshe mmoja aliyebaki na nguvu za kusema. Lete unga wako. Kama ni aibu, tutaiona tukishiba."

Moshi ulipopanda tu, kombora likaangukia ua wa pili. Hapo Mize akatambua kwamba adui analenga moshi. Akajitwika tanuri, likiwa la moto vilevile, akalipeleka kwenye nyumba zilizokwisha kuanguka, akaamuru mji mzima upikie magofuni: mkate ukiiva uchukuliwe mbio, moshi uachwe. Siku tisa Jemadari alivunja vilivyovunjika, akaua mawe, baruti yake ikipungua na watoto wetu wakila.

Siku ya kumi ikasikika kwamba Mwinyi Chande amekusudia kufungua lango. Mize alilisukuma bega lake kwenye mlango wa ghala, ukang'oka na fremu yake.

"Mwanamke," alisema Mwinyi Chande, "mambo haya yanataka utulivu."

"Utulivu unao, Mwinyi, maana paa unalo. Toka nje uamue."

Akawatoa wote kumi na wawili, akawakalisha kwenye kifusi, juani, palipokuwa panaanguka makombora. "Semeni sasa," akasema. "Semeni habari za lango hapa tulipozikia watoto." Mwinyi Chande aliutoa ufunguo kiunoni, akampa.

Jioni ile Jemadari alimimina baruti yote iliyobaki. Wanawake walikimbia na mikate. Mize alibaki kuchochea, ili moshi usikatike kabla baruti haijakatika. Kukatokea kishindo, kisha kimya. Waliorudi walikuta tanuri limepasuka vipande viwili, mwili hawakuuona, wala hatujauona. Asubuhi kilima kilikuwa kitupu.

Walionusurika waliujenga mji upya, nyumba, kisima, msikiti, kila kimoja kwa paa lake. Baraza la wazee pekee hawakuliezeka, na mpaka leo halijaezekwa. Mvua ikinyesha wazee wetu wanalowa, na hakuna anayewapelekea mwavuli.