Gari la Kiboko Linagusa Chini

— Jamani, nina uongo wangu!
— Ulete, tuusikie!
— Unakimbia huu!
— Ukimbie, tutaukamata!
— Una magurudumu!
— Na sisi tuna masikio, bibi!

Haya, tulieni basi. Shemeji Mshamu, tia huo ufunguo wa gari mfukoni, unanikera unavyouchezesha. Hiki ni kisa cha kiu, na kiu haichekeshi.

Palikuwa na ukame. Si wa kusema mvua imechelewa. Ukame wa nyasi kukatika ukizikanyaga. Maji yalibaki mahali pamoja tu, kwenye bwawa la chemchemi juu ya kilima kitupu, na ndani ya bwawa alilala Kiboko. Akiona pua inasogea, anafungua domo. Twiga alikuja, Kiboko akanguruma, "Hoooh! Maji yangu!" Pundamilia alikuja. "Hoooh! Maji yangu!" Digidigi alikuja amembeba mwanawe mgonjwa, akapiga magoti, akalia. "Hoooh! Maji yangu!" Yule mtoto alikufa njiani wakirudi. Wakamzika, na hapakuwa na maji hata ya kumwosha.

Chini bondeni, karibu na barabara ya lami, aliishi Nguchiro, mnyama mdogo asiyejaza hata kapu la sokoni, na mkewe, na binti yao Tunu. Midomo ya Tunu ilikuwa imepasuka, na sasa hata kulia hakulia tena. Nguchiro alimtazama, akanyanyua asali yote ya ukoo, akaenda kwa Nyani, muuza magari yaliyotumika.

"Karibu, bosi!" Nyani akasema. "Tazama hili jekundu. Gari la mbio! Lilikuwa la daktari, akilitoa Ijumaa tu."

"Lina kasoro gani?"

"Kasoro? Haki ya Mungu, halina hata moja!"

"Basi silitaki. Nataka lenye kasoro."

Nyani akajikuna. Tangu aanze kuuza magari hajaulizwa hivyo. "Mh. Kusema kweli, linakunywa petroli kama limelaaniwa. Vipuri vyake huvipati. Na liko chini mno, likipita kwenye jiwe, tumbo linagusa."

Nguchiro akalala kifudifudi, akapenyeza mkono chini ya gari. Mkono ukakwama.

"Hili hili," akasema, akamkabidhi asali yote.

Mkewe alipoliona limesimama pembeni ya lami alishika kichwa. "Baba Tunu, umerogwa? Mtoto anakufa kiu, wewe unanunua gari? Gari linanyweka?"

"Vumilia, mama Tunu."

"Nimevumilia mpaka machozi yameniisha!"

Nguchiro aliingia garini, akakanyaga mafuta pale pale liliposimama. Vrrruuum! Mlio ukapanda kilima mpaka bwawani. Kiboko akainua sikio moja. Kesho yake, vrrruuum! Akainua la pili. Kesho kutwa hakustahimili, akapiga kelele: "Nani huyo ana sauti kunishinda mimi?"

Nguchiro akapanda kilima. "Ni gari langu, bwana."

"Nalitaka."

"Usilitake, bwana. Linakunywa sana."

"Na mimi nakunywa sana. Nalitaka."

"Vipuri vyake havipatikani."

"Kumbe hakuna mwingine mwenye kama hilo! Nalitaka."

"Lina viti viwili tu."

"Afadhali, sitaombwa lifti. Nalitaka."

"Liko chini, bwana. Tumbo linagusa."

"Na langu linagusa! Hilo ni ndugu yangu. Taja bei, au nikukanyage."

"Kibuyu kimoja cha maji."

Kiboko akacheka mpaka bwawa likatikisika. Akampa. Nguchiro akashuka mbio bila kumwaga tone. Tunu akanywa, akafumbua macho, akaita, "Baba." Funda la mwisho akapelekewa Digidigi. Majirani nao, na koo zao kavu, wakamsema: gari zima kwa kibuyu, huyu ni mzima kweli? Kibuyu kilikuwa kitupu tayari, na mtoto angeamka tena na kiu.

Asubuhi Kiboko akanguruma, "Gari langu mbona silioni?"

"Haliwezi kupanda, bwana. Njia ina mawe. Gari la mbio linataka njia laini, iliyonyooka, isiyo na tuta wala shimo. Shuka wewe, ulikalie kule kule kwenye lami."

"Niliache bwawa? Thubutu! Njia nitaitengeneza mwenyewe."

Akatoka majini. Akaanzia nje kidogo ya ukingo, akawa anachimba kwa meno na kusukuma kwa kifua, kushuka bondeni, jicho moja likilinda bwawa. Kwachu! Kwachu! Anayesogelea maji, anamrudia mbio. Nguchiro akawa nyuma yake, kila mahali analala kifudifudi na kupima.

"Tumbo linagusa, bwana. Shusha kidogo."

Kwachu! Kiboko anashusha.

"Tumbo linagusa, bwana. Shusha kidogo."

Kwachu! Kiboko anashusha. Jua likampasua ngozi, akarudi kujilowesha, akashuka tena. Nyumbani mama Tunu aliketi kichwani pa mtoto na khanga, akimpepea. "Haongei tena," akamwambia mumewe. Nguchiro akasimama mlangoni. Aliogopa, jamani. Aliogopa sana. Kisha akarudi kazini. "Tumbo linagusa, bwana. Shusha kidogo."

Njia ikafika kwenye lami. Kiboko akajibana garini, springi zikalia kwiiich! Akakanyaga mafuta. Vrrruuum! Likapanda kilima bila kugusa popote, upepo ukampiga usoni. Na alifurahi, tusimwonee. Tangu azaliwe hajawahi kufurahi namna ile.

Akafika juu, kwenye ukingo wa bwawa. Khrrrr! Gari likasimama. Kiboko alilitaka majini kabisa, aoge huku analitazama. Akamgeukia Nguchiro, aliyefika mbio nyuma yake. Nguchiro kimya. Safari hii hakusema neno.

"Kwani huoni?" Kiboko akafoka. "Tumbo linagusa! Hapa pa kushusha!"

Akatoka, akaweka kifua kwenye ukingo, akasukuma. Kwachu!

Bwaaaah! Maji yakatoka. Yakalizoa gari jekundu, yakaligeuza tumbo juu, yakaifuata ile njia laini, iliyonyooka, isiyo na tuta wala shimo, mpaka bondeni. Wanyama wakaja, wakubwa kwa wadogo. Hakuna aliyeshangilia. Waliinamisha vichwa, wakanywa, ikasikika sauti ya kumeza tu. Mama Tunu alimwingiza mtoto majini mzima mzima, akamnywesha kwa kiganja, kidogo kidogo, mpaka akakohoa na kulia kwa sauti.

Ndipo akamtazama mumewe. "Ungeniambia."

"Ungefurahi mapema, mke wangu, na Kiboko angekuona."

Juu kule chemchemi haikukauka, inatoka mpaka leo, lakini maji hayajai tena. Kiboko alisimama katikati, yamemfika magotini. "Umenidanganya!" akapiga kelele.

"Wapi, bwana?"

Kiboko akafikiri. Akakumbuka neno kwa neno yote aliyoambiwa. Akatafuta uongo, asiupate hata mmoja. Basi akaketi kwenye tope, akalia, na kilichomliza si maji, ni gari.

Funzo lake mlishike vizuri. Muuzaji akikueleza kasoro zote za gari lake, huyo ni tapeli, mkimbie. Akikuapia kwamba halina hata moja, huyo ndiye mwaminifu, mpe mali yako yote. Na njia zetu mbovu hizi tuziache hivi hivi, zikitengenezwa watu watakunywa maji.

— Uongo wangu umefika, nauzima!
— Uzime, bibi, tumeridhika!