Nyumba Iliyoninyamazia

Hapo zamani, na wala si zamani sana, ni zile siku tumbo langu lilipokuwa bado linakaa ndani ya mkanda, nilifeli takwimu. Chuo kikuu kikanipa wiki tatu nijiandae kwa mtihani wa marudio. Nikifaulu, nahitimu. Nikifeli, nafungasha virago narudi Tunduru kuhesabu mbuzi wa mjomba. Mabweni yalikuwa yamefungwa, nikapanga chumba Magomeni, kwenye nyumba ya korido katikati na vyumba huku na huku.

Nyumba ile, jamani, hata kuta zilikuwa zimechoka kusikiliza.

Chumba cha kushoto aliishi Mzee Mwinchande, mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi. Kila mchana alifanya mazoezi, pepepee, mpaka kikombe changu kikatembea mezani. Nikagonga mlango.

"Shikamoo mzee wangu. Nina mtihani."

"Marahaba, Msomi. Wa nini?"

"Takwimu. Kuhesabu mambo yasiyo na uhakika."

"Aa, kama ndoa," akasema. Akalizungushia tarumbeta kanga ya marehemu mkewe, akalipandisha juu ya kabati.

Chumba cha kulia aliishi Bi Shumbana. Mumewe baharia, alikuwa na miaka sita hajarudi, na alichotuma ni kaseti moja tu. Kila jioni Bi Shumbana aliipiga kwa sauti ya juu, na nyumba nzima tuliijua kwa moyo: "Shumbana, huku baridi. Lile bati linalovuja usiliache. Nakuja." Anairudisha nyuma. Anaanza tena. Nikagonga mlango.

"Dada, nina mtihani."

"Ni fupi tu, mdogo wangu."

"Mara kumi na mbili, dada. Nimehesabu. Ndiyo takwimu pekee ninayoiweza."

Akacheka, akazima redio ya kaseti, akaiacha hapo hapo juu ya rafu, kaseti ikiwa ndani.

Uani, chini ya dirisha langu, alikuwepo Mama Sikudhani, muuza vitumbua. Kila asubuhi, wanawe wakishakwenda shule, alitwanga mchele wa vitumbua vya chai ya saa nne. Huyu hakuwa na mlango wa kugonga. Nikamfuata kwenye kinu.

"Mama Sikudhani, nina mtihani."

"Na mimi nina watoto wanne. Huo ndio mtihani wangu, na hauna marudio. Pisha mchi."

Basi nyumba ikanyamaza, isipokuwa kinu. Nikasoma kweli kweli. Nilinogewa na kimya kile hata saa yangu ya mezani nikaifungia sandukuni, ndani ya sweta, kwa kosa la kusema ti-ti-ti. Ndiyo, saa yenyewe ya kuniamsha. Nilikuwa msomi, sikuwa mwerevu.

Asubuhi ya mtihani nililala kama gogo. Kilichoniamsha ni kinu. Pu! Pu! Pu! Nikakurupuka nikitukana, nikaliona jua dirishani, nikaacha kutukana. Nilifika mlango wa chumba cha mtihani ukiwa unafungwa, shati nimelivaa kinyumenyume. Nikafaulu. Wenzangu walifaulu kwa kuruka, mimi kwa kutambaa, lakini nikafaulu.

Kumbe kimya kile hakikuwa cha bure. Harusi ya kwanza baada ya hapo, midomo ya Mzee Mwinchande ilikuwa imelegea. Bendi ikamshukuru, ikamchukua mwingine. Na jioni niliyomaliza mtihani, Bi Shumbana aliwasha redio. Mvua za wiki tatu zilikuwa zimelipitia lile bati, zikadondokea rafu. Tukasikia, "Shumbana, hu..." kisha mashine ikautafuna utepe wote.

Chuo kikatoa kadi moja ya mgeni kwa kila mhitimu. Mama yangu angekuwa hai, pasingekuwa na hadithi. Nami, kwa ushujaa wangu unaojulikana, niliwaambia wenzangu wa nyumba kwamba mwaka huu wageni hawaruhusiwi.

Siku ya mahafali nimo ndani ya joho, mlinzi akaniita getini. "Hawa wanasema wewe ni wao. Nimewaambia kila mhitimu ana kadi moja ya mgeni."

Wamesimama watatu, wamevaa nguo za Idi. Kadi imo mfukoni mwangu, inaniunguza.

Mzee Mwinchande akasema, "Msomi, niliiweka pumzi yangu juu ya kabati kwa ajili yako. Tangu mke wangu afe, tarumbeta ndilo lililonipeleka penye watu. Sasa harusi zinapita barabarani, nazisikilizia kitandani. Nipe shughuli moja niwe ndani."

Bi Shumbana akasema, "Midomo yako itakaza tena, mzee. Mimi maneno ya mume wangu ninayo, sauti yake imeanza kunitoka. Nataka nikae humo nikione kile nilichokipata badala yake."

Mama Sikudhani akaangua kicheko. "Nyinyi mlimnyamazia mpaka akapitiwa! Bila kinu changu mngekuwa mmempa tarumbeta na mume mtu aliyelala."

"Ulikuwa unatwangia vitumbua vyako," mzee akasema. "Hukumkusudia."

"Wewe ulimkusudia, akalala. Mimi sikumkusudia, akaamka." Kisha akashusha sauti, akaitazama milango ya ukumbi. "Shule niliiachia darasa la nne. Nilitaka tu nione ndani pakoje."

"Kijana," mlinzi akasema, "majina yameanza kuitwa. Kadi moja, mtu mmoja."

Nimelala miji mingi tangu siku hiyo, Maskati, Oslo, kwenye hoteli zenye madirisha ya vioo viwili viwili, ambamo hata kikohozi cha jirani hukipati. Naweka saa tatu za kuniamsha. Kabla hazijalia huwa macho tayari, nimetega sikio: labda tarumbeta, labda huku baridi, labda pu. Hakuna. Nyumba ile ilishavunjwa, pamejengwa maduka.

Nilichofanya pale getini sisemi. Mkikijua mtanihukumu mimi, kesi mtaiacha. Ingieni ninyi ndani ya joho langu, lilikuwa pana. Geti limefunguliwa nusu, kadi iko mkononi, jina lenu linakaribia. Yupo aliyeiacha pumzi yake, yupo aliyeipoteza sauti ya mumewe, yupo aliyekataa kunyamaza. Je, nani alistahili kuingia?