Ngao ya Sengo

Hapo zamani, babu zetu walipokuwa bado hawajajifunza kuona aibu, watu wa Bondeni na watu wa Kilimani walikuwa watani. Akifa mtu wa Kilimani, wa Bondeni ndio hupanda kwenda kumcheka. Akifa wa Bondeni, wale wa Kilimani hushuka mbio, maana kwetu Bondeni hapajawahi kukosekana cha kuchekwa. Mtani hunyakua kuku wa mfiwa, huiga mwendo wa marehemu, hulala kaburini akadai pombe, na hakuna wa kumnunia. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi: mtani halii. Akilia, utani wake umekufa siku hiyo hiyo, naye huhesabiwa ndugu wa marehemu.

Mtani mkubwa wa Bondeni siku hizo alikuwa Lugendo. Alikuwa na kipara, tumbo na sauti, na zaidi ya hivyo hakuwa na mali. Shamba lake lilijaa magugu, kwa kuwa mtu anayeshiba misibani hana haraka ya kushika jembe. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba njaa ikimbana humwomba Mungu apitie Kilimani.

Basi vikazuka vita. Ngoma ya kuombea mvua ilikuwa ng'ambo ya mto, na wazee wa upande wetu, wa Bondeni na wa Kilimani, wakasema ni ya mababu zetu. Wa ng'ambo nao wakasema ni ya mababu zao. Wazee wetu wakaapa kwamba damu itamwagika lakini ngoma itarudi. Waliapa hivyo wakiwa wameketi. Waliosimama na kwenda ni vijana. Lugendo naye aliitwa, lakini tumbo lake likasema linaumwa, naye hakuwa na desturi ya kubishana na tumbo lake. Alibaki njiani akiwaigizia vijana namna adui atakavyotimua mbio, na vijana wakaenda vitani wakicheka.

Ngoma ilirudi. Ilipofunuliwa, mchwa walikuwa wameshaula mti wake wote, imebaki ngozi. Haikufaa hata kupigwa kuwatangazia watu msiba. Vita vya panzi, neema ya kunguru, na sisi tulikuwa panzi wenye majivuno.

Vijana wengi hawakurudi, wala miili yao haikuletwa. Desturi ilikuwa hivi: mwili usiporudi, hukatwa mgomba wa urefu wa marehemu, ukaviringwa shuka yake, ukazikwa kama mtu. Kuukata ni kazi ya mtani. Na kaburi halifukiwi mpaka mfiwa acheke, walau kidogo, ili marehemu asiende zake akidhani nyuma yake ameacha giza tupu. Lugendo akakata mgomba, akachekesha, wakazika. Akakata mwingine, akachekesha, wakazika. Alikata mpaka shamba la migomba la Bondeni likakaribia kuwa uwanja, na watoto wakaanza kuuliza mbona siku hizi hakuna ndizi.

Sasa kule Kilimani alikuwapo mjane mmoja, Mama Sengo. Mwana wake alikuwa mmoja tu, huyo Sengo. Kila chakula kilipoiva, mama huyo alisimama mlangoni na mwiko mkononi akaita, "Sengo, njoo ule!" Sauti yake ilifika hadi Bondeni. Watu walipanga kazi zao kwa sauti ile, wakijua sasa ni mchana, sasa jua linazama. Tangu Sengo aende vitani, mama hakuita tena, na kilima kizima kikawa kama kimepoteza saa.

Siku moja akapanda Chilewa, rafiki yake Sengo aliyeondoka naye. Alikuwa peke yake, na mgongoni ana ngao mbili. Mama Sengo aliitazama ile ya pili, akakaa chini. Hakulia.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa hakuanza. Watu wote wakasimama na vilio vyao kooni, kama wageni walioitwa kula na mwenye nyumba hajanawa mikono. Kaburi likachimbwa. Lugendo akashuka Bondeni, akakata mgomba, akaubeba begani akihema hadi Kilimani, akauviringa shuka na kuulaza mbele ya mama.

Mama Sengo akautazama. "Huyu ni nani?"

"Ni Sengo, mtani wangu."

"Sengo alikuwa akiinama kuingia mlangoni kwangu," mama alisema. "Huyu angepita chini ya kitanda amesimama."

Lugendo akautazama mgomba, akaona ni kweli. Alikuwa amemkata Sengo wa zamani, yule mtoto aliyekuwa akimrushia matope kisha anakimbilia nyuma ya kaniki ya mama yake. Kijana aliyempita njiani akienda vitani, Lugendo hakumtazama. Alikuwa na shughuli ya kuchekesha. Na mgomba mwingine mrefu haukuwapo tena, yote alikwisha kuwazikia wengine.

Ikabidi afanye kazi yake hivyo hivyo. Akaiga Sengo alivyotembea, vidole vya miguu vikitazamana. Mama hakucheka. Akaiga Sengo alivyopiga chafya, chafya ya kuamsha mbuzi. Mama hakucheka. Akaiga alivyokimbizwa na jogoo siku ya ngoma ya mavuno, akapiga yowe, akajikwaa, akaangukia majivuni. Watu waliziba midomo, lakini mama alikuwa amekazia macho lile shimo.

"Basi," Lugendo akasema, jasho likimtiririka, "kama kaburini imebaki nafasi, nitaijaza mimi." Akashuka, akajilaza kando ya ule mgomba mfupi.

Kaburi lilikuwa limechimbwa kwa kijana mwembamba. Tumbo la Lugendo liliingia, halikuweza kutoka. Wakamvuta mikono, akakwama. Wakamvuta miguu, akakwama zaidi. Kwanza alitukana kama mtani. Lakini kulala pale chini, bega kwa bega na kile kipande cha mgomba, kulimfanya akumbuke vijana wote aliowakata kwa panga lake msimu ule, na kwamba hata mmoja hakumpima vizuri. Machozi yakamtoka, akalia kwa sauti kubwa kama mtoto aliyenyimwa, huku tumbo likipanda na kushuka juu ya ukingo wa kaburi.

Mama Sengo akainama kutazama. Akaona kipara, akaona tumbo, akaona uso ule uliojaa kamasi. Akacheka. Alicheka mpaka akajishika kiuno, mpaka akaketi chini, na hapo chini kicheko kikageuka kilio. Ndipo na wa mbali tukaingia. Kilima kizima kililia mchana ule, kwa ajili ya Sengo na kwa ajili ya wote tuliowacheka upesi mno.

Lugendo akachomolewa, kaburi likafukiwa. Ikabaki ngao.

Ngao haizikwi. Ngao hurithiwa pamoja na jina. Anayeipokea huitwa kwa jina la marehemu, hulima shamba la mama yake, huezeka nyumba yake, na mama akiita, yeye ndiye huitika. Mama Sengo akauliza ni nani wa kuipokea.

Chilewa akasimama. "Mimi, mama. Mkuki ulipompata nilimbeba mgongoni mpaka mtoni. Adui walipotukaribia akaniambia, chukua ngao umpelekee mama, uniache. Nilimwacha akiwa bado anapumua. Nimetimiza alichonituma, na sijalala vizuri tangu siku hiyo."

Kabla hajakaa, watu wakapiga kelele huko nyuma. Kijana mgeni alikuwa amesimama kwenye njia, hana silaha, amebeba kibuyu. Alikuwa wa ng'ambo ya mto, jina lake Nkwera. Wengine wakamkamata shingo, lakini mama akasema mwacheni aseme.

"Mama, shikamoo," Nkwera akasema. "Nilimkuta mwanao kando ya mto. Nilimpa maji akanywa. Akafia mikononi mwangu, akikuita. Nikamchimbia kaburi la urefu wake, nikamzika, na udongo wa juu yake ni huu humu kibuyuni. Mkuki uliomchoma sijui ni wa nani. Siku ile tulirusha wote, nami nilirusha. Ngao hii naiomba, maana mimi ndiye niliyekaa na Sengo mwenyewe. Ninyi mmezika mgomba."

Wote wakamtazama Lugendo, kwa kuwa mgomba wenyewe ulikuwa mfupi.

Mama akapokea kibuyu, akamwaga ule udongo juu ya kaburi polepole mpaka ukaisha. Kisha akamgeukia Lugendo, aliyekuwa akijifuta matope na kujaribu kutoonekana, kazi ngumu kwa mwili ule. "Na wewe je?"

"Mimi ni mkubwa kwako, mtani," Lugendo akasema. "Ukiniita mwanangu watu watakufa kwa kucheka, na migomba ya kuwazikia haipo. Vijana walikwenda, mimi nikabaki na tumbo langu. Lakini bila mimi kaburi hili lingekuwa wazi mpaka sasa. Na nimelia, umeniona. Mtani akilia si mtani tena. Bondeni hawatanipa tena msiba wa kuchekesha. Usiponihesabu wako, mimi si wa mtu yeyote."

Wazee walioapa wakiwa wameketi walianza kubishana, wakiwa wameketi. Mmoja alisema rafiki, mwingine alisema aliyezika, wa tatu alisema aliyelia. Mama Sengo hakuwasikiliza. Aliiegemeza ngao kwenye mwimo wa mlango, akaingia ndani, akawasha moto. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, moshi ulitoka kwenye paa lile, na harufu ya ugali wa mtama ikawafikia wale watatu waliokuwa wameketi uani.

Kisha akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Akaita kwa sauti ile ile ya kufika Bondeni:

"Sengo, njoo ule!"

Chilewa akasimama. Nkwera akasimama. Lugendo naye akasimama, ingawa kwanza alishika ardhi kwa mikono miwili. Wote watatu wakafumbua vinywa, wakatazamana, wakavifumba.

Haya, wasikilizaji, msinitazame mimi. Mimi nimezaliwa Bondeni, nitampendelea mwenye tumbo. Ugali unapoa, ngao iko mlangoni, na mama bado amesimama anangoja sauti ya mwanawe. Je, ni nani aliyestahili kuitika?