Pumzi Ndani ya Gari la Mzee

Mtu akiwashwa mgongoni hulaumu kwanza nyasi za njiani, halafu wadudu wa jirani, halafu hata upepo. Kuvua shati lake mwenyewe na kulikung'uta ndilo jambo la mwisho kumjia akilini. Wahenga waliijua tabia hiyo, wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Aliyekuja kuujua ukweli wa maneno hayo kwa ncha za vidole vyake ni seremala mmoja ambaye watu walimwita Rula.

Jina hilo alilipata kwa haki. Hakuukata ubao kabla ya kuupima, akaupima tena, kisha akaukodolea macho kama anayeudai ukweli. Lakini akili ya mtu hupenda kukaa kazini kwake. Rula alipofunga mlango wa karakana, umakini wake wote ulibaki ndani, ukining'inia ukutani pamoja na misumeno.

Baba mkwe wake alikuwa na gari kuukuu la kupandia milima, la bati nene, lenye sura ya kondoo dume aliyekasirika. Mzee huyo alifia ndani yake. Alasiri moja alikutwa ameketi kwenye kiti cha dereva mbele ya nyumba yake, mikono imeshika usukani, macho yako mbele, injini inanguruma taratibu kana kwamba walikuwa bado njiani. Alikuwa ameacha wasia kwamba gari lile apewe mkwewe, kwa kuwa mwanawe wa kiume aliishi mbali. Mwana huyo alipokuja msibani alisikia wasia ukisomwa, akatikisa kichwa na kusema, "Sawa." Hakusema zaidi, na ufupi huo ulimkaa Rula kooni kama mwiba wa samaki.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa mlimani, juu ya barabara ya mawe yenye kona kali. Rula akaamua kuliinua gari. Akalifungia springi ndefu, likasimama juu kama mtu aliyevaa viatu vya visigino virefu. Kisha akatafuta rimu pana na matairi manene yenye meno. Akaziona dukani, nyeusi tititi, zikamteka moyo.

Shemeji yake, yule mwana wa marehemu aliyekuwa bado anakaa kwa Rula tangu msiba, aliinama akaingiza mkono nyuma ya rimu moja.

"Shemeji, rimu hizi zimezama sana upande wa ndani," alisema. "Kutoka hapa zinapofungwa nati mpaka ukingo wa nyuma ni mbali. Tairi litaingia chini ya gari. Umepima?"

"Gari limeinuliwa. Hata ndama anapita chini yake."

"Limeinuliwa kwenda juu. Pembeni halijapanuka hata kidogo."

Rula alicheka kicheko cha meno, moyoni akasema: kijicho hicho. Akazifunga rimu siku hiyo hiyo.

Safari ya kwanza alimchukua mama mkwe, aliyekuja kwao baada ya mazishi, kumrudisha mlimani. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, mzito, na miti ilijitokeza mmoja mmoja kama watu wanaokuja kuuliza jambo. Walipofika kona ya kwanza, Rula alikata usukani mpaka mwisho. Hapo ndipo ikasikika. Pumzi ndefu, kavu, yenye mkwaruzo, kama ya mtu mzima anayepanda ngazi. Ilitokea chini ya miguu yao. Usukani uliponyooka, ikakoma.

Mama mkwe alimshika mkono. "Umemsikia?"

"Nani, mama?"

"Baba yenu. Hivyo ndivyo alivyokuwa anapumua."

Rula alisimamisha gari, akazima injini, akateremka. Alilizunguka gari lote. Matairi yalikuwa yamenyooka, kimya, na kati ya tairi na bati aliona nafasi ya kutosha. Hakuona kitu, wala hakusikia ila maji yakidondoka majanini. Alirudi kwenye kiti chake, akawasha injini.

Tangu hapo pumzi ile ikawa abiria wa kudumu. Kila kona kali ilikuja, na kila ilipokuja ilikuwa nzito zaidi. Mama mkwe hakuiogopa. Alianza kupenda kwenda sokoni hata asipokuwa na cha kununua, mradi aketi kiti cha mbele. Kwenye njia iliyonyooka aliuliza swali, kisha akakunja mikono na kuingoja kona.

"Mzee, nilipake rangi lile dirisha?"

Kona ikafika. Haaaah.

"Basi nitalipaka," alisema mama.

Likazuka jambo la pili. Kila asubuhi, mahali gari lilipolala, Rula alikuta unga mweusi chini, laini kama masizi, umemwagika karibu na magurudumu ya mbele. Aliufagia, kesho yake upo. Aliuosha kwa maji na sabuni, kesho yake upo. Harufu yake ilikuwa ya kitu kilichoungua, lakini hakutaka kuisogeza puani. Mkewe alimwambia ni taka tu za barabarani. Rula hakusadiki. Alikuwa ameshaanza kufikiri, na mtu mwenye hofu akifikiri hutengeneza adui kwa mbao zozote alizo nazo.

Alfajiri moja alitoka uani akamkuta shemeji yake amechuchumaa kando ya gurudumu. Vidole vyake vilikuwa vyeusi.

"Kumbe ni wewe," alisema Rula kwa sauti ya chini.

"Mimi nini?"

"Unayemwaga dawa uani kwangu. Gari umelikosa, sasa unataka nilikose na mimi."

Shemeji alisimama polepole. "Nilikuwa natazama tairi. Hebu njoo unuse hii."

"Sinusi kitu kutoka mkononi mwako. Kusanya vitu vyako."

Mkewe alitoka akiwa na kikombe cha chai mkononi. "Huyu ni ndugu yangu," alisema. "Ukimfukuza bila kumsikiliza, na mimi umenitia doa."

Rula aligeuza uso. Shemeji yake aliondoka na begi moja, akaenda kupanga chumba karibu na kituo cha mabasi. Nyumba ikapoa. Mke akawa anamjibu mumewe kwa maneno ya kuhesabika. Na asubuhi iliyofuata, unga mweusi ulikuwa palepale.

Hapo Rula angepaswa kushtuka, kwa maana mchawi ameondoka na uchawi umebaki. Badala yake alijiambia kwamba shemeji anakuja kwa kificho, akaongeza kufuli langoni.

Siku ya mkasa walikuwa wakiteremka mlima, yeye na mama mkwe. Ukungu ulikuwa umefunika hata pua ya gari. Mama alikuwa akizungumza kwa upole, kama mtu aliye mezani kwake.

"Mzee, leo tutafika salama?"

Kona ikafika. Rula akakata usukani. Pumzi haikuja. Palisikika mlio mmoja mkavu, kama kamba iliyokatika ndani ya maji, kisha kimya.

Rula akakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka sakafuni, bila kupinga, kama mguu ulioingia matopeni. Akakanyaga tena, palikuwa patupu. Gari likaanza kukimbia. Mkono wa kulia wa barabara kulikuwa na korongo. Mkono wa kushoto ukuta wa udongo. Alishusha gia, injini ikalia kwa uchungu, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, kisha akaliegemeza gari ukutani. Bati likasagika, vioo vikapasuka, udongo ukaporomoka juu ya boneti. Mwishowe likasimama.

Mama mkwe alikuwa mzima. Aligeuka akauliza, "Kwa nini amenyamaza?"

Rula aliteremka. Mafuta ya breki yalikuwa yakidondoka nyuma ya gurudumu la mbele. Alipiga moyo konde, akaingiza mkono mahali pale ambapo hakuwahi kuuingiza. Aligusa bega la ndani la tairi. Lilikuwa la moto, limelika hadi nyuzi. Juu yake aligusa chuma cha fremu, kimesuguliwa kikawa laini kama kioo. Kati ya hivyo viwili ulining'inia mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta yake, umetafunwa, umekatika. Alipoutoa mkono, ulikuwa umejaa unga mweusi. Safari hii aliusogeza puani. Ulikuwa mpira wa tairi.

Jioni hiyo alibisha hodi kwenye chumba cha shemeji yake. Hakuingia. Alisimama mlangoni akauonyesha mkono ambao hakuwa ameunawa.

"Nimenusa," alisema.

Shemeji aliushika, akaugeuza kwenye mwanga. "Mama yuko wapi?"

"Nyumbani. Yu mzima. Shemeji, ningemwua."

"Ungetuua sisi wote, mmoja baada ya mwingine, ukiwa unafagia." Kisha akavuta kiti. "Ingia basi. Unawe."

Gari lilipotengenezwa, walilipima pamoja. Waliweka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma wa kila rimu pale dukani, wakapima kina mpaka mahali pa nati, wakachagua zisizozama sana, na matairi membamba kidogo. Wakazungusha usukani hadi mwisho huku na huku, wakipitisha vidole kila upande, ndani kwenye fremu na nje kwenye madigadi, kwani tairi lililosukumwa nje mno nalo lingesugua bati.

Wakampandisha mama mlimani. Kona ya kwanza ikapita kimya. Ya pili pia. Mama aliinamisha sikio, akangoja, kisha akaketi wima.

"Mmemtoa," alisema.

"Mama, lilikuwa tairi," alisema mwanawe kutoka nyuma.

"Najua lilikuwa tairi. Mimi si mtoto. Lakini siku ile nilimwuliza kama tutafika salama, na siku ile tu hakunijibu."

Rula aliendesha polepole ndani ya ukungu, akiwaza jinsi alivyoweka kufuli kumzuia adui wa nje, naye adui akilala kila siku nyuma ya gurudumu alilolifunga kwa mikono yake mwenyewe. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.