Nguzo Iliyoandikwa Salama

Mama zangu na dada zangu, zamu ya neno leo ni yangu. Nina mfano mmoja tu.

Kulikuwa na zahanati yenye taa kubwa za nje, zile zinazochelewa kuwaka. Zinaanza na mwanga hafifu, kisha polepole zinakolea. Nyingine zilikuwa nyeupe, nyingine za njano, na kila aina iliungwa waya kivyake. Ndani ya mfuniko wa kila taa palibandikwa mchoro unaoonyesha waya upi unaingia wapi. Kwa nje, mifuniko yote ilifanana.

Mgeni rasmi alipotarajiwa, akina mama wa kijiji walikuja kufanya usafi. Wakaifungua mifuniko, wakaisugua yote pamoja kwenye beseni moja, wakaianika, wakairudisha. Nani angejua kwamba huu ulikuwa wa taa nyeupe na ule wa taa ya njano?

Baadaye taa ya barazani ikaharibika. Fundi akaja, akasoma mchoro, akaanza kuunga. Waya mmoja haukukubaliana na mchoro. Akasita. Kisha akajiambia, "Si ndivyo ilivyochorwa?" Akaupachika hivyo hivyo. Taa ikawaka. Kwenye nguzo ya chuma iliyoshika taa hiyo akabandika karatasi: IMEKAGULIWA, NI SALAMA.

Ikafika siku ya kliniki. Wingu lilikuwa zito hata taa ikawashwa mchana. Mama mmoja alikuwa kwenye foleni na binti yake mdogo aliyekuwa peku.

"Mama, chuma kinaniuma."

"Kinauma vipi?"

"Kama siafu."

Mama akainama, hakuona siafu. Akaishika nguzo kwa kiganja. Hakusikia kitu.

"Mbona mimi hakiniumi?"

Mwanamke wa nyuma yake akacheka. "Shoga, huyo anataka mgongo tu. Wangu jana kalia eti uji unamchoma, kumbe umepoa!"

Fundi mwenyewe alikuwa anapita. Akaipiga nguzo kofi. "Dada, soma hapo. Nimebandika mimi. Unaniona natetemeka?"

Watu wakacheka. Mama akaona haya, akamfinya mtoto anyamaze.

Mvua ikashuka. Maji yakaanza kutambaa barazani. Nesi akaita kutoka mlangoni, "Akina mama, sogeeni huko kwenye nguzo, watoto wasilowe!" Foleni ikasukumana. Watoto wakatangulia, wengi wao peku. Yule binti akang'ang'ania gauni la mama yake. "Mama, siendi. Mama, siendi!"

Wewe ungefanya nini? Ungemvuta mkono? Sema kweli.

Mama aliitazama ile karatasi. Akaitazama miguu ya fundi: buti za mpira. Akaitazama yake: kandambili za mpira. Akaitazama ya mwanawe.

"Rudini nyuma!" akapiga kelele. "Watoto wote, nyuma!"

"Dada, unatuaibisha," fundi akasema.

Hakumjibu. Akavua kandambili, akasimama majini, akaigusa nguzo kwa mgongo wa vidole.

Umeme ulimrusha hadi ukutani.

"Zimeni! Zimeni!" fundi akapiga kelele. Sasa yeye ndiye aliyetetemeka.

Yule mama alipona. Taa ilipofunguliwa, mfuniko ulikuwa wa taa nyingine, na waya ule aliousitia fundi ulikuwa unapeleka umeme kwenye nguzo.

Najua mnataka kumhukumu fundi. Mwacheni. Tuzungumze sisi.

Mtoto anakuja jikoni anasema, "Mama, sitaki kubaki na yule." Nasi tunajibuje? "Koma! Yule ni mtu wa Mungu, anaimba kwaya. Mbona mimi hajanifanya kitu?" Ni kweli, hajakufanya kitu. Wewe ni mtu mzima, atakuanzia wapi? Lakini tunamshika mtoto mkono, tunamrudisha kulekule alikotoka akilia, tena tunamwambia asalimie kwa heshima.

Na mtoto akirudishwa mara moja, hasemi tena. Sisi tunafurahi, tunasema ametulia.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujawasha moto, kaa chini na mwanao. Muulize anamwogopa nani. Akilitaja jina, hata likiwa jina la mtu anayekaa kwenye mabenchi haya, usimkemee. Mwambie, "Nimekuamini. Endelea."