Pole ya Kifaru kwa Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kupakua, wakifua na kuanika kama sisi, palikuwa na nchi moja iliyopenda sana mpira wa kikapu. Msidhani kikapu chao kilikuwa cha chuma. La! Kilikuwa kikapu hasa, cha ukindu, kimetobolewa chini na kufungwa juu ya mti mkavu.

Katika timu ya Bondeni alikuwamo Nguchiro. Urefu wake ulikuwa wa mwiko wa ugali, na uzito wake wa kapu tupu. Kufunga hakuweza. Hata kukiona kikapu chenyewe ilimbidi alale chali. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuzuia.

Na alizuia! Akipewa mtu wa kumlinda, alimganda kama kupe. Mtu akienda kushoto, Nguchiro yupo. Akienda kulia, yupo. Akisimama kunywa maji, Nguchiro naye husimama akamtazama anavyomeza. Na mdomo wake haukupumzika.

"Swala, shemeji yangu, viatu hivyo umeazima? Mbona vinakukimbia?"

"Nyamaza tucheze!"

"Haya, nimenyamaza. Ila kamba imefunguka."

Swala akiinama kutazama, nyaku! Mpira umekwenda.

Lakini hila yake kubwa ilikuwa kuanguka. Katika nchi ile, kama kwetu, anayeanguka huambiwa pole, na uwanjani jambo hilo lilikuwa sheria. Ukimwangusha mwenzako, sharti uweke mpira chini, umwinue na umwambie, "Pole." Pole ikishatoka mdomoni, huruhusiwi kuinua mguu mpaka akujibu, "Nimeshapoa." Na mpira uliowekwa chini ni wa atakayeuwahi. Wazee walisema mchezo usio na pole ni vita.

Basi Nyati alikuwa akija na mpira, du! du! du! Hajafika hata karibu, puu! Nguchiro yuko chini.

"Yalaa! Mbavu zangu!"

"Sijakugusa, bwana!"

"Mbavu zangu, jamani! Mwambieni mke wangu asiningoje!"

Watazamaji wanaguna, mwamuzi anakodoa macho. Nyati anaweka mpira chini.

"Pole."

"Aaa..."

"Pole sana, ndugu."

"Subiri kidogo. Roho iko njiani inarudi."

Wenzake Nguchiro wameshaunyakua mpira, wamekimbia, wamefunga. Hapo ndipo mgonjwa huketi, akajipangusa vumbi.

"Nimeshapoa!"

Hivyo ndivyo alivyopata umaarufu. Wengine walimpenda, wengine walimchukia. Wengi zaidi walimchukia alipocheza na timu yao, wakampenda alipocheza na ya jirani.

Siku zikapita, na malalamiko yakawa mengi. Wazee wa nchi jirani walituma ujumbe: hawatawaleta tena vijana wao Bondeni kumwomba radhi mtu ambaye hata kivuli chake hawakukigusa. Asubuhi ya fainali, nahodha Pundamilia akaenda nyumbani kwa Nguchiro.

"Hodi hapa!"

"Karibu, nahodha. Umetukuta kwenye uji."

"Sikai. Nguchiro, leo tunacheza na Mlimani, na timu imenituma. Ukianguka bila kuguswa, jezi unaivua palepale, na hutaivaa tena maisha yako."

Nguchiro akacheka. Pundamilia hakucheka. Nguchiro akaweka kikombe chini.

"Unamkataza samaki kuogelea, nahodha."

"Basi atafute mto mwingine." Pundamilia akaenda zake.

Sasa, wanangu, jezi ile haikuwa kitambaa tu. Wakati wa kiangazi, nyumba ya mchezaji ilichota kwanza kisimani, maji yakiwa bado meupe. Wengine walifuata kwa ukubwa, na nguchiro walikuwa wa mwisho kabisa.

Bi Nguchiro alikuwa akiwafuta watoto midomo. "Baba watoto," alisema, "unakumbuka tulipokuwa tukichota nyuma ya nyati?"

"Nakumbuka."

"Yale hayakuwa maji. Watoto walikuwa wanayatafuna."

"Sitaanguka, mke wangu."

"Na ulimi je?"

"Ulimi hakuutaja."

Uwanjani watu walijaa tele, na Ngedere wamening'inia matawini. Mwamuzi Korongo akapuliza filimbi. Priii!

Mtu wa kulindwa na Nguchiro siku hiyo alikuwa Kifaru wa Mlimani. Mwaka uliotangulia, Nguchiro alianguka mbele ya Kifaru huyu, na Kifaru akabaki akisema pole bila kujibiwa mpaka mchezo ukaisha. Kwao walimcheka mwaka mzima. Hata mama mkwe wake alikuwa akimpokea mlangoni kwa kumwambia, "Pole, mwanangu, pole."

Nguchiro alianza vibaya. Aliogopa hata upepo wa Kifaru usije ukampeperusha, ikasemwa ameanguka. Akakaa mbali. Kifaru akapita, tii! tii! tii!, akafunga. Akapita tena, akafunga tena.

"Kupe kabanduka!" Ngedere walipiga kelele. "Kupe, ng'ombe wako huyo anakwenda!"

Nguchiro akageuka. Alimwona mkewe pembeni, ameshika ndoo tupu aliyokuja nayo ili apitie kisimani.

Pundamilia alirudisha vikapu kwa jasho lake mwenyewe, na mapumziko yakafika timu hazijapishana sana. Nguchiro akaketi peke yake, akatazama upande wa Mlimani. Akaona jambo.

Kifaru hakuwa akipumzika. Alikuwa akifanya mazoezi. Anaweka mpira chini upesi, anainama upesi, anainua hewa tupu, "Pole!" Kisha tena: mpira chini, inama, inua, "Pole!" Kocha wake, Nguruwe, alisimama pembeni akihimiza, "Wahi, wahi! Ukisema pole mapema, atakujibu mapema!"

Nguchiro akatazama kwa muda. Kisha akainuka, akajifunga jezi vizuri.

Kipindi cha pili alimganda Kifaru kama zamani.

"Kaka Kifaru, mama mkwe hajambo?"

"Niache!"

"Nimekuja kukusalimia tu. Leo najisikia mwepesi, sijui kwa nini. Hata upepo unanitikisa."

Kila Kifaru alipomsogelea, alipunguza mwendo. Kila alipopunguza mwendo, mtu wa Bondeni alimwahi.

Mwishowe timu zikawa sawa. Jua limeinama, Korongo ameshatia filimbi mdomoni. Atakayefunga sasa ndiye mshindi. Kifaru akapewa mpira. Mbele yake njia ilikuwa nyeupe mpaka kikapuni, isipokuwa mwiko mmoja wa ugali uliosimama katikati.

Tii! Tii! Tii! Ardhi ilitetemeka.

Nguchiro alitamani kuanguka. Miguu yake ilikuwa inaujua mchezo huo kuliko yeye mwenyewe. Akaikaza. Akafumba jicho moja, akapanua mdomo kama mtu anayetaka kulia.

Kifaru akauona mdomo ule. Akakanyaga breki, vumbi likatimka. Akaweka mpira chini, akainama, akanyoosha mikono.

"Pole! Pole sana, ndugu yangu!"

Mikono ikainua hewa. Chini hapakuwa na mtu.

"Pole ya nini, kaka?" aliuliza Nguchiro, amesimama wima. "Kuna msiba?"

Nyaku! Akaunyakua mpira, akamrushia Pundamilia. Kifaru akataka kumfuata.

Priii! "Simama hapo!" Korongo alisema. "Umesema pole. Ngoja jibu."

"Lakini ameanguka!"

"Ameanguka wapi? Miguu yake naiona."

"Basi alitaka kuanguka!"

"Kutaka si kosa."

"Jibu basi, wewe!" Kifaru alinguruma. "Nijibu!"

Nguchiro alikuwa akifikiri, kidole kidevuni. Pundamilia alikimbia, akaruka, na mpira ukapita kikapuni, shwaa!

"Nimeshapoa," alisema Nguchiro.

Bondeni walirukaruka, Mlimani walipiga kelele kwamba huo si mchezo. Pundamilia akarudi polepole, akamtazama Nguchiro, akaitazama jezi.

"Hukuanguka," alisema.

"Sikuanguka, nahodha."

"Lakini..."

"Lakini nini?"

Pundamilia akamwekea jezi sawa mabegani. "Nenda zako kachote maji."

Bi Nguchiro alikuwa ameshatangulia na ndoo.

Wanangu, aiogopaye hila ya jana hunaswa na ya leo.